Sweta Moja, Zamu Mbili

Wiki iliyopita niliingia duka moja hapa Nizwa, Omani, kumnunulia mjukuu wangu sweta la skuli. La pinki, lina sungura kifuani na kofia yenye masikio. Muuzaji akaniuliza nataka mangapi. Mimi nikakumbuka lile letu.

Letu lilikuwa moja. Tulikuja kutoka Unguja miaka ya sabini, wazee wetu, Bibi, kaka yangu na mimi mdogo wake, na hakuna aliyetwambia kwamba Uarabuni nako kuna baridi. Upepo wa Januari ulishuka mlimani ukatukuta na nguo za pwani. Bibi alikaa siku mbili kajifunika kanga tatu, analalamika, siku ya tatu akalifumua sweta kuukuu alilopewa baba na jirani, la kijani, akaanza kufuma. Nyuzi zilitosha sweta moja la mtoto. Shingoni akatia vishada viwili vyekundu, kwa ajili yangu.

Bahati yetu skuli ilikuwa na zamu: wasichana asubuhi, wavulana mchana. Nikishakunywa chai ya tangawizi na mkate wa kumimina, natoka na sweta. Adhuhuri namkuta kaka kwenye mfereji wa falaji, nalivua, analivaa juu ya kanzu, vishada anavificha ndani ya shingo. Mchana halikumfaa kitu. Lilimfaa magharibi, wakati wa kurudi.

Siku moja mwalimu wetu, Mmisri, alinisimamisha mbele ya darasa. "Ya salaam! Nani kakufumia?" Wasichana waliokuwa wakikicheka Kiarabu changu wakaja kuvishika vile vishada, mmoja akanialika kwao baada ya skuli, nami nikataka niende nalo. Nilijua ni saa ngapi, na nilijua nani ananisubiri. Nikapita njia ya mitendeni ili nisikutane naye. Naona haya mpaka leo kuyasema haya.

Kaka alirudi magharibi anatetemeka, meno yanagongana. Bibi akanitazama mimi nimelivaa sweta, akamgeukia kaka.

"Mbona analo mwenzio, baba?"

"Nimemwachia mimi, Bibi. Sikuona baridi."

Mimi nikaendelea kula. Hatukulizungumza tena. Mwaka uliofuata baba alituletea masweta mawili ya sokoni, na lile la kijani likawa la kushikia masufuria. Bibi sasa ameshafariki. Watoto siku hizi wanashushwa na gari mlangoni pa skuli, na sijui kama yupo anayelivua sweta lake njiani kumpa mwenzake.

Nilitoka dukani na sweta moja, nikampigia kaka, anaishi Ibra.

"Shikamoo, kaka. Unaikumbuka siku niliyokukwepa pale falajini?"

"Marahaba," akasema. "Naikumbuka. Niliona baridi sana siku ile."