Pikapu ya Mapera na Wasukumaji Wake

Ndugu zangu, niwieni radhi kwa kimya cha miezi mitatu. Leo gari limenilazimisha kuandika.

Nimekuja kijiji cha Mapera kukagua pikapu iliyokwisha kutumika. Magoti ya mke wangu hayaiwezi tena milima ya shamba letu la kahawa, kwa hiyo tumekuja sote wawili.

Mwenye gari, Bwana Kastori, alikuwa amekwisha kuliwasha kabla hatujafika. Nikagusa boneti. Ilikuwa ya moto.

"Lizime lipoe, nilione likiwaka likiwa baridi," nikamwambia.

"Mwalimu, gari hili halina tatizo lolote!"

"Basi litapoa bila tatizo."

Tukangoja saa nzima. Mke wangu akaingia, akaketi mbele. Bwana Kastori akazungusha ufunguo.

Kimya.

"Ni leo tu, Mwalimu. Halijawahi."

Papo hapo wakatokea kina mama wanne kutoka shambani. Hakuna aliyewaita. Waliweka majembe chini, wakajipanga nyuma ya gari, kila mmoja mahali pake.

"Shikamoo, Mwalimu," mmoja akasema. "Kastori, tusukume kuelekea kanisani, au kwenye mteremko kama jana?"

Bwana Kastori akainama kukagua tairi.

Mke wangu akachungulia dirishani. "Kastori, na hawa kina mama unawauza pamoja na gari?"

Walicheka mpaka wakakaa chini. Bwana Kastori akapunguza bei na kuahidi betri mpya.

Mimi nasema hapana. Mke wangu anasema ndiyo. Ninyi mngefanyaje?

Tukiafikiana nitawaarifu. Kwa sasa naandika nikiwa nimesimama nje, na mke wangu bado hajashuka garini.