Usigeuke, Picha Itaharibika

Watu wazima wakiamua kumdanganya mtoto hawana haya hata kidogo. Nilikuwa bado mdogo, meno ya mbele hayajaota upya, nilipopelekwa kwa shangazi eti nikapumzike. Mtoto apumzike, kafanya kazi gani? Niliporudi nyumbani mama hakuwepo. Baba akasema amesafiri. Jirani naye, amesafiri. Mama mdogo, mdogo wake mama wa tumbo moja, ambaye sasa alikuwa amehamia kwetu na sanduku lake, akasema vilevile, kisha akaingia jikoni na kufunga mlango. Lakini mimi nilishaziona kandambili za mama chini ya kitanda, zile za bluu, ya kushoto imeungwa kwa waya. Nikajiuliza, mtu gani anasafiri peku?

Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Kwamba mama hayupo, sawa, watu husafiri. Lakini yuko huko na miguu mitupu, na hakuna hata mmoja aliyeonekana kujali.

Sasa tuje kwa Fundi Kimya, maana habari hii ni yake kuliko yangu. Alikuwa mpiga picha wa mtaa wetu, mrefu, mwembamba, uso mkavu utadhani kanyimwa chakula. Hakuwa na salamu ndefu. Ukikaa vibaya kwenye kiti chake alikuambia, "Kaa kama mtu, hapo si kitandani." Ukiacha mdomo wazi alikuambia funga, nzi hawalipi. Hayo ndiyo yalikuwa maneno yake ya siku nzima, na watu walimpenda hivyohivyo.

Studio yake ilikuwa chumba kimoja katikati ya kinyozi na fundi viatu. Madirisha yamezibwa kwa mbao, kwa hiyo hata mchana wa jua kali humo ndani kulikuwa na giza la jioni na harufu ya dawa za kusafishia picha, harufu inayokaa kooni. Ukutani alitundika turubai alilolichora mwenyewe: ngazi pana, nguzo mbili, na juu ya ngazi mlango wa kijani ulioachwa wazi kidogo. Nusu ya mtaa imepigwa picha mbele ya mlango ule. Upande wa kulia palikuwa na pazia jeusi, na nyuma yake hakuna mteja aliyeruhusiwa kuchungulia.

Kilichomtofautisha na wapiga picha wengine ni kwamba alikuwa akiwarudisha wafu kwenye picha. Watu wakifiwa na mtu waliyekuwa hawajapiga naye picha ya pamoja, walikwenda kwake. Alitaka vitu viwili: picha yoyote ya zamani ya marehemu, na ndugu mwenye umbo kama lake avae nguo zake, asimame na familia. Baadaye, kwa wembe, alikata kichwa cha aliye hai, akabandika cha marehemu, kisha akaipiga tena picha ile nzima mpaka mshono usionekane. Na alikuwa na sharti lake moja. Aliyevaa nguo za marehemu haongei mpaka azivue. Hata kukohoa, hapana.

Hayo yote nimeyajua ukubwani. Siku ile mimi sikujua lolote. Baba alinivalisha shati jeupe, akaniambia tunakwenda kupiga picha. Mama mdogo akasema kichwa kinamuuma, atabaki. Basi tukaenda wawili tu.

Fundi akanisimamisha mbele ya turubai, baba kushoto kwangu, na nyuma yetu akaacha nafasi. Nikauliza nafasi ile ya nani. Baba akaninyoosha kola ya shati. Fundi akainama nyuma ya kamera yake na kusema, "Tazama hapa kwenye kioo. Usigeuke, mwanangu. Ukigeuka, picha itaharibika."

Nikatazama. Nyuma yangu pazia likasogea, kisha sakafu ya mbao ikalia, taratibu, kama mtu anayekanyaga kwa woga. Halafu nikasikia ile harufu. Mafuta ya nazi, na sabuni ya gauni la maua alilolivaa mama siku za kutoka. Mkono ukatua begani kwangu.

"Mama?" nikasema.

Kimya. Baba alikuwa anatazama mbele tu, nilimwona kwa jicho la pembeni.

"Mama, ni wewe?"

Vidole vikanibana bega kwa nguvu mpaka vikaniumiza. Taa ikawaka, pwaa! Fundi akatuamuru tufumbe macho, na sakafu ikalia tena, safari hii haraka haraka. Nilipofumbua hapakuwa na mtu. Pazia lilikuwa limetulia. Palikuwa na turubai tu, na ule mlango wa kijani ulioachwa wazi kidogo.

Picha ilipokuja, loo! Mama huyo hapo, katikati, anacheka, na mkono wake begani kwangu. Nani tena angenidanganya? Nilipoiangalia kwa karibu nikaona kwenye kidole gumba alama nyeusi ya kuungua. Mama hakuwa na alama ile. Nikalia peke yangu chooni: kumbe huko aliko hawamtunzi, wamemuunguza, na viatu hana. Nikaamua kwenda kumchukua.

Nilikwenda mchana, watu wakiwa wamejilaza, kandambili zimo ndani ya shati. Mlango wa studio ulikuwa umerudishwa tu. Nikaingia, nikasimama mbele ya turubai, nikaita kwa sauti ndogo. Kisha nikausukuma mlango wa kijani. Turubai likabonyea, kiganja changu kikagonga ukuta. Nikausukuma tena juu kidogo, na chini kidogo. Kote ukuta. Vidole vyangu vikabaki na unga wa rangi ya kijani.

Basi nikafunua pazia. Palikuwa na meza, wembe, kopo la gundi, taa nyekundu. Nyuma ya meza, mlango wa kawaida kabisa wa kutokea uani. Na juu ya meza, picha yetu. Baba yupo, mimi nipo na pengo langu, na nyuma yetu limesimama gauni la maua lisilo na kichwa. Juu ya shingo palikuwa na tundu, kichwa alichokibandika kimeshabanduliwa, unaona mbao za meza. Pembeni palikuwa na sahani ya bati imejaa vichwa, vidogo kama kucha, vyote vinatazama kila upande. Cha juu kabisa kilikuwa cha mama mdogo, amebana midomo, macho yamejaa machozi.

Nikakumbuka pasi ya mkaa. Mama mdogo aliungua kidole gumba kwa pasi wiki aliyohamia, na mimi ndiye niliyempelekea maji.

"Umekuja na nini?" Fundi Kimya alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikumsikia akiingia.

Nikamwonyesha kandambili. Akazitazama, kisha akachuchumaa mpaka uso wake ukawa sawa na wangu.

"Hawajakuambia?"

"Wamesema amesafiri."

"Amekufa, mwanangu," akasema. "Mama yako amekufa." Katika mtaa ule mzima, yeye peke yake ndiye aliyeniambia.

"Mbona nilipoita, mama mdogo alinyamaza?"

"Mimi ndiye niliyemkataza. Nikisikia sauti ya mtu, mkono wangu unakataa kumkata." Akanifuta kiganja kwa kitambaa chake, kidole kimoja kimoja, akanisindikiza mpaka mlangoni. Alipokufa yeye, miaka mingi baadaye, tulitafuta picha yake tukakosa. Hakuna aliyewahi kumpiga hata moja.

Nilimkuta mama mdogo uani anaanua nguo. Ningeweza kumtukana, nilikuwa na hasira za kutosha. Badala yake nilisimama mbele yake nikampa mgongo.

"Weka mkono," nikamwambia.

Akaelewa papo hapo. Nikasikia kikapu cha nguo kikianguka. Mkono ukatua begani, palepale, uzito uleule, na mimi nikatazama mbele, sikugeuka. Maana, niseme kweli, ukuta nimeugusa, kichwa nimekiona kwenye sahani, na bado nilikuwa na tumaini. Kama angenyamaza kama siku ile, ningemsubiri mama hadi leo.

"Mama?" nikaita.

"Abee, mwanangu," akaitika, kwa sauti yake mwenyewe.