Kuvumwani Juu ya Gari la Zuhura

Kila masika yakiisha, ukuta wa uani kwangu hapa Ngamiani huota kile kitu laini cha kijani ambacho vitabuni huitwa kuvumwani. Juzi nilichukua mwiko mkuukuu nikaanza kuibandua, na harufu yake ikanipanda puani: harufu ya mtungi uliokaa na maji siku nyingi, yenye udongo na ubaridi ndani yake. Mikono iliendelea kubandua, lakini mimi mwenyewe nilikuwa nimeshafika kijijini kwetu Tongoni, nina miaka tisa, nimesimama chini ya mti wa mkungu nikitazama juu, na roho inaniuma kwa wivu.

Msinicheke. Kuna watu wakinusa udi hukumbuka harusi zao. Mimi nikinusa kuvumwani namkumbuka Zuhura, binti wa ami yangu, na namna nilivyomwonea wivu utoto wangu wote.

Ami Bakari, mdogo wake baba, alikuwa mlinzi katika kambi moja ya watalii upande wa Mkwaja. Walikuja Wazungu wawili, mume na mke, wanazunguka nchi kwa gari lao la kulala, na injini ikawafia pale pale kambini. Walisubiri vipuri mpaka wakachoka. Mwisho wakapanda ndege kurudi kwao, na gari wakamwachia ami, ambaye muda wote ule alikuwa akiwachotea maji na kuwachekesha. Lilikuwa gari refu jeupe lenye vitanda viwili, meza ya kukunja, jiko la gesi na mapazia ya maua. Watu waliliita gari-nyumba. Ami alihamia humo na mkewe, na humo ndimo Zuhura alimozaliwa. Lilikuwa halitembei tena, lakini kama nyumba lilikuwa zima kuliko nyumba nyingi.

Mama yake Zuhura alifariki binti akiwa bado anajifunza kutembea. Ami naye akafuata miaka michache baadaye. Baba alikwenda kuzika, na aliporudi alikuwa amemshika mkono msichana mwembamba wa rika langu mwenye kifurushi kwapani. Nyuma yao lilikuja trekta la mashamba ya mkonge, linalivuta gari-nyumba. Tongoni nzima ilitoka kutazama. Mimi nilikimbia mbele ya trekta nikipiga kelele kwamba tumepata gari.

Baba alinitoa ndoto hiyo kabla ya magharibi. Alitusimamisha uani, mimi na kaka zangu wawili, akasema, "Hili ni la Zuhura. Asiliguse mtu. Hata kijiko chake kisiingie jikoni kwetu."

"Na tukicheza tu humo ndani?" nikauliza.

"Mtakuwa mmecheza ndani ya mali ya yatima. Mnataka baba yenu ale moto?"

Neno yatima nililijua, maana chuoni, kwa mwalimu wa Kurani, tulisomeshwa. Lakini uzito wake sikuujua. Nilichokijua ni kwamba kuna gari lenye vitanda uani kwetu, na kwamba ni la yule mtoto mgeni, ambaye hata uji wetu alikuwa anaunywa polepole kana kwamba anauogopa.

Baba aliliegesha chini ya mkungu, penye kivuli kizuri kuliko pote, pale tulipokuwa tukitandika mkeka akija mgeni wa heshima. Kitu cha amana hakiwezi kuachwa kiungue na jua, ndivyo alivyoona. Popo wakala kungu na kuangusha makokwa juu ya paa, majani mapana yakaanguka na kuozea huko, maji ya mvua yakatuama katikati. Masika ya kwanza yalipopita, paa lilikuwa la kijani kama bustani ya mchicha.

Baba alishtuka mno. Aliona kama amekabidhiwa mtoto akamrudisha na upele. Mama akaleta kumbi la nazi, mchanga na majivu, vile vile tulivyokuwa tukisugulia masufuria, wakaegemeza ngazi na kuanza kwenye pembe moja. Kuvumwani ilitoka, lakini na ule weupe nao ulitoka, pakabaki mikwaruzo kama paka amepigana hapo. Hapo ndipo Zuhura, ambaye tangu aje hakuwa amesema zaidi ya naam na hapana, aliposogea akasema kwa sauti ndogo, "Ba mkubwa, baba alikuwa hasugui hivyo."

Baba akashuka ngazi. Mtu mzima mwenye ndevu zake alishuka ngazi, akachutama mbele ya mtoto, akamuuliza, "Alikuwa anafanyaje, mwanangu?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale. Sikumbuki baba kuchutama mbele yangu hata siku moja.

Zuhura alieleza. Kwanza paa linaloweshwa maji mpaka kuvumwani ivimbe ilainike. Halafu inabanduliwa kwa mwiko wa mti, si kwa kisu, taratibu, kipande kwa kipande. Pale palipo na kidirisha cha hewa, chenye mpira ukizunguka, mtu havuti kuelekea mpirani, anavuta kutoka mpirani, maana mpira ukibanduka maji yanaingia ndani. Kisha brashi laini, ile ya kufulia kola za kanzu. Kisha maji yaliyochanganywa na siki, yanaachwa kidogo, halafu yanasuuzwa. Na mwisho akasema, "Baba alikuwa analiweka juani, mbali na miti. Na magurudumu ya mbele alikuwa anayawekea mawe, gari liinuke kidogo, maji yasikae."

Baba alikubali yote, hata mawe aliyaweka. Jua ndilo alilolikataa. "Juani litapasuka, mwanangu. Halafu watu waseme nimeliachia makusudi liharibike."

Basi ikawa hivyo kila mwaka, masika yakiisha na vuli ikiisha. Baba alikuwa mzito, paa lingebonyea, kwa hiyo Zuhura ndiye aliyepanda. Baba alishika ngazi kwa mikono miwili, amekaza shingo kumtazama, na sauti aliyomtolea sijui alikuwa akiificha wapi siku nyingine. "Hapo mkono unafika, mwanangu? Umechoka? Shuka unywe maji." Mimi niliyekuja na mwiko wangu tayari niliambiwa, "Saumu, ondoka hapo chini, maji machafu yatakumwagikia." Nikiomba kupanda aliniangalia mara moja, na nilikuwa kibonge kweli, sikatai, akasema, "Wewe ukipanda hapo tutalizika gari." Kaka zangu wakacheka mpaka wakalala chini. Zuhura hakucheka, na hilo nalo lilinichukiza.

Nilikaa kwenye kizingiti cha jiko nikihesabu dhuluma zangu. Mimi nikivunja kikombe, nyumba inasikia. Zuhura akivunja, baba anasema bahati mbaya, vikombe huvunjika. Mimi nikichelewa chuoni, kwenzi la kichwa. Zuhura akichelewa, baba anamuuliza kama miguu inamuuma. Vipande vya kuvumwani vilidondoka karibu yangu vikiwa vimelowa, na nilikuwa nikivifinya mkononi kimoja kimoja mpaka maji yote yatoke. Nilitamani kuwa yatima. Nawaambieni kama ilivyokuwa: nilitamani wazazi wangu wafe kidogo tu, ili baba anitazame vile.

Mwaka mmoja masika yalikuwa makali. Makuti ya chumba chetu yalioza upande mmoja, mvua ikawa inaingia hadi kitandani, na mama akaweka ndoo, sufuria na beseni kila palipovuja. Kule chini ya mkungu gari-nyumba lilikuwa kavu, na paa lake halikuvuja hata tone, kwa kuwa lilitunzwa kuliko letu. Tulipokuwa tunakula, mama akasema, "Baba Saumu, watoto walale kwenye gari japo mpaka mvua ipungue."

"Zuhura alale, ni lake. Hawa siwezi."

Zuhura akaweka tonge chini. "Ba mkubwa, Saumu aje tulale wote. Mimi nimempa ruhusa."

Nilianza kuinuka kuchukua shuka. Baba akatikisa kichwa, akasema, "Ahsante, mwanangu. Lakini hapana."

Mwenye gari amenikaribisha, na baba yangu mzazi amenikatalia. Zuhura akaenda kulala peke yake kwenye kitanda kikavu chenye pazia la maua, nami nikalala na beseni miguuni. Kila tone lililoanguka ndani ya beseni lilinitajia jina la Zuhura. Asubuhi alitoka macho yamevimba. Nikasema moyoni, amelala mpaka amevimba.

Nilikuwa nimeshaposwa siku nilipomuuliza mama juu ya usiku ule, maana niliubeba miaka yote kama jiwe ndani ya kiatu. Mama alikuwa anakuna nazi. Hakuacha kukuna. Akasema, "Baba yako alisema mtoto anayekula kwako hana mdomo wa kukukatalia. Atasema ndiyo kwa kila kitu. Sasa ndiyo yake utaihesabuje kuwa ni ruhusa?" Akapuliza chembe za nazi vidoleni. "Na alikuwa anaogopa hata kumkaripia. Mkono ukimponyoka, neno likimponyoka, kesho akiulizwa na Mola wake atasema nini? Wewe alikufokea kwa raha zake. Wewe ulikuwa wake."

Nilimwelewa, lakini nusu. Nilielewa upande wa baba. Upande wa Zuhura sikuwa nimeufikiria kabisa, na nisingeufikiria kama si siku ya ufunguo.

Zuhura alipokuwa mtu mzima na kutaka kufungua mahali pa kuuza chai na vitumbua kwenye barabara ya Pangani, baba aliwaita imamu na majirani wawili. Akatandika mkeka, akautoa ufunguo wa gari-nyumba mfukoni mwa koti, akauweka kiganjani mwa Zuhura mbele yao. "Hesabuni vijiko," akawaambia mashahidi, na kweli alitaka vihesabiwe. Vilipotimia vyote, baba alijinyoosha mkekani akafumba macho, na mama akasema hajamwona akilala mchana tangu trekta lile lije.

Kitu cha kwanza alichofanya Zuhura ni kuwaita vijana walisukume gari litoke chini ya mkungu mpaka katikati ya uwanja, kwenye jua la wazi. Kisha akaegemeza ngazi, akapanda, akageuka kunitazama. "Saumu, leta mwiko wako. Panda."

Nilipanda. Nilikuwa mke wa mtu, kibonge zaidi ya zamani, na paa halikubonyea hata chembe. Tulipiga magoti upande huu na huu wa kidirisha, tukabandua kuvumwani ya mwisho, tukivuta kutoka mpirani, na jua likatuunguza migongo. Kwenye pembe ile mikwaruzo ya kumbi la nazi ilikuwa bado ipo, na kuvumwani ilikuwa imeota nzito hapo kuliko pengine pote.

"Nilikuwa nakuonea wivu," nikamwambia. Lilinitoka tu.

Zuhura hakuinua kichwa. "Mimi ndiye niliyekuwa nakuonea wivu wewe."

"Mimi? Kwa lipi? Kwa beseni?"

"Ulikuwa unafokewa," akasema. "Kila siku baba yako anakuita jina lako kwa sauti ya nyumba nzima. Saumu, fanya hivi. Saumu, una wazimu? Mimi alikuwa ananiomba. Nilivivunja vikombe vile makusudi, ujue. Vyote vitatu. Nikachelewa chuoni makusudi. Akaniuliza miguu." Alitupa kipande cha kuvumwani chini. "Usiku ule wa mvua nililia mpaka asubuhi. Nilijua wenzangu mko pamoja mnavujiwa."

Nilikumbuka macho yake yaliyovimba, na namna nilivyoyatafsiri. Niliendelea kusugua mahali palepale palipokwisha kutakata zamani.

Ili kuisafisha ile pembe yenye mikwaruzo ilimbidi Zuhura alale kifudifudi na kuchungulia ukingoni, kichwa na mabega yakining'inia nje. Chini, baba akaamka. Tulimsikia akikohoa, akitafuta viatu, kisha ikapaa sauti ambayo mimi niliijua vizuri tangu nizaliwe, sauti aliyonifokea nayo kila nilipovunja kikombe.

"We Zuhura! Una wazimu? Shuka hapo kabla hujavunjika shingo, mtoto usiyesikia!"

Zuhura alijivuta nyuma polepole, akakaa katikati ya paa jeupe lililolowa, akakumbatia magoti yake. Machozi yalikuwa yanamtiririka, naye anacheka.

"Umesikia?" akaniuliza.

"Nimesikia."

Nilimfurahia kwa dhati, wallahi. Lakini roho iliniuma palepale pa siku zote, maana karipio lile lilikuwa langu peke yangu, na sasa tulikuwa wawili.