Fomu ya Kheiria na Kidole cha Mamake

"Lete hiyo karatasi, wino unakauka," alisema Bi Masouda, kidole gumba kakinyanyua juu, mbali na nguo zake nyeupe za eda.

"Nawa mkono, mama."

"Sinawi. Kaka yako katoa wino ofisini kwa watu, nimeshachovya, niko tayari, na wewe umeikalia fomu kama kuku aliyeatamia. Inuka."

"Nimeshasema mwakani."

"Mwakani umeshaiona wewe? Ina pua, ina macho?"

Kheiria hakuinuka. Fomu kweli ilikuwa chini ya paja lake, imekunjwa mara mbili, na yeye kakaa mlangoni mwa chumba cha mamake, mgongo kwenye ukuta, kama askari wa lango kubwa la Muscat siku zile lilipokuwa bado linafungwa usiku. Ilikuwa fomu ya kuombea nafasi kwenye skuli ya udaktari huko Beirut. Msichana alikuwa mwaka wa tatu wa chuo kikuu, akisoma elimu ya viumbe na kemia, na kwenye chuo chake mtu haendi kwenye udaktari moja kwa moja. Kwanza husoma masomo mengine, kisha ndiyo huomba. Mwenye haraka huomba akiwa mwaka wa tatu, mwenye subira humaliza wa nne. Kheiria alibakisha siku mbili apande ndege, na fomu zilikuwa zinapokewa mpaka mwisho wa Januari. Pahala pa sahihi ya mzazi palikuwa patupu. Mwenye sahihi alikuwa babake, tena sahihi ya kujivunia, yenye mikia kama pweza. Lakini babake kafariki nusu ya Ramadhani, na Bi Masouda hajui kuandika. Ndiyo kikatafutwa kidole.

Wino aliuleta Suud, kaka mtu. Mwaka huo wa sabini ofisi za serikali zilikuwa zinafura Muscat kama maandazi kwenye mafuta. Mtu akitoka Kuwait au Misri leo, kesho keshapewa meza. Suud alipewa meza, muhuri na kikopo cha wino, ila karatasi zilikuwa hazijafika, basi wiki nzima ya mwanzo alikuwa akipiga muhuri kiganja chake mwenyewe, na akirudi nyumbani wanamsoma.

Kheiria kazaliwa Unguja. Walipoondoka, mwaka wa sitini na nne, alikuwa na miaka kumi na nne, na mzigo wa nyumba nzima ulikuwa mabegi mawili na sinia la shaba ambalo mamake alikataa kuliacha, akasema bora aachwe yeye. Muscat ya siku hizo haikuwa na skuli ya kumfaa msichana wa umri ule. Akapelekwa kwa mjomba wake Kuwait, na huko akakuta kila kitu ni Kiarabu cha vitabuni, na yeye Kiarabu chake kilikuwa cha kuombea chumvi mezani. Alikikimbiza miezi sita mpaka chenyewe kikachoka kikasimama, akakikamata. Mwisho wa mwaka wa nne alikuwa wa pili darasani. Wa kwanza alikuwa mtoto wa mwalimu, kwa hivyo tuseme alikuwa wa kwanza. Ndiyo akapata nafasi ya Beirut, na tangu hapo neno udaktari halikubanduka tena kinywani mwa watu wa nyumba ile.

Habari za kifo cha babake zilimfika zimechelewa. Alipopata ruhusa ya kuja, zilibaki siku chache tu hitma ya arubaini isomwe. Ndege yenyewe, ukiteremka nayo uwanja wa Bait al Falaj, inapita baina ya majabali mawili, na abiria wanaojua huinua miguu wasigonge mawe. Alifika salama, akalia na mamake, akakaa.

Kilichoharibu mambo ni hiyo hitma.

Wanawake walijaa vyumbani, uani, mpaka kwenye ngazi. Msahafu ukasomwa ukakhitimiwa. Kabla ya dua, Bi Sayyida, dada wa marehemu, akasimama. Na Bi Sayyida si mwanamke wa kusimulia jambo dogo. Akamwambia mwalimu aliyekuwa akiongoza, "Mwombeeni na mtoto wa marehemu, Daktari Kheiria. Keshaingia udaktari. Majuzi huko Beirut kamshona mtu tumbo, akamtilia na kifungo, akishiba sana anafungua."

Kheiria alikuwa jikoni akipanga vikombe, na mpaka afike mlangoni mwalimu keshainua mikono. Akamwombea Daktari Kheiria kwa jina lake na la babake, Mungu aubariki mkono wake, ampe shifaa kila atakayemgusa. Wanawake wote wakaitikia amina, ile amina nzito inayotingisha kuta. Na Kheiria katika maisha yake hakupata kupasua kitu ila chura, tena chura mwenyewe keshakufa.

Kuanzia kesho yake wakaanza kuja. Mahbuba, jirani wa mlango wa tatu, alimleta mtoto wake Aliya kajitia ushanga puani. Kheiria akamwambia mpelekeni hospitali ya Matrah. Akaja mwenye kizunguzungu, akaambiwa Matrah. Akaja mwenye jino, akaja mwenye mume asiyelala nyumbani, wote Matrah. Watu wakasifu: huyu mtoto ana adabu, hataki kuwanyang'anya wenziwe riziki.

Kwa hivyo mchana ule, Bi Masouda aliponyanyua kidole, alikuwa na watu mia nyuma yake.

"Watu wameshaitikia amina," alisema. "Dua hairejeshwi kama kanga dukani, ukasema sikuipenda rangi."

"Hairejeshwi. Na amina haina tarehe, mama. Mungu atajibu mwakani vilevile."

"Basi nambie sababu. Ni mimi? Ikiwa ni eda yangu, eda itakwisha mwezi wa Mfunguo Nne, nitatoka, nitaishi. Sitaki unishike mimi ukanifanya kisingizio."

"Si wewe."

"Kuna mtu kakuposa huko?"

"Nani anipose, mama, nanuka dawa ya vyura."

"Basi ni nini?"

Kheiria aliikunjua fomu juu ya goti, akaipiga pasi kwa kiganja, akaikunja tena. Alikuwa na maneno aliyoyafungasha tangu Beirut, akayapitisha uwanja wa ndege wa Bahrain, na siku zote kumi hapa hajathubutu kuyafungua.

"Nimeanguka kemia," alisema. "Nilipata arubaini na tisa."

"Kati ya hamsini?"

"Kati ya mia."

Bi Masouda alishusha kidole kidogo, kisha akakumbuka nguo, akakinyanyua tena.

"Nitalirudia somo muhula unaokuja," Kheiria akaendelea, polepole, kama anayemsomea mtu barua. "Nikilirudia nitalipata, hilo sina khofu nalo, nimeshajua nilipopotea. Lakini nikiomba sasa wataiona hiyo arubaini na tisa, hawatoona kitu chengine. Na mwalimu wangu kanambia, aliyekataliwa mara moja, mara ya pili wanamtazama kwa pembe ya jicho. Nikimaliza mwaka wa nne nitaomba na karatasi safi. Mlango ni mmoja, mama. Sitaki kuugonga mikono ikiwa michafu."

"Na mimi nitawaambia nini watu?"

"Waambie hivyo hivyo."

"Unanitia aibu mbele ya hitma ya baba yako."

"Aliyesema kifungo cha tumbo ni shangazi, si mimi."

"Shangazi yako kasema kwa furaha. Na mimi je? Mimi niliyekuwa nakungoja siku zote hizi?"

Neno lile lilitoka likiwa na uzito mwengine. Bi Masouda mwenyewe alilisikia, akauvuta mguu wa kulia ndani ya kanga.

"Ulikuwa ukiningojea nini?" aliuliza Kheiria.

"Hakuna. Nimesema tu."

Lakini Kheiria keshainuka mlangoni. Siku zote kumi alikuwa akimwona mamake kakaa vile, mguu mmoja umefichwa, akidhani ndivyo anavyokaa mfiwa. Alipiga magoti juu ya mkeka.

"Toa mguu, mama."

"Mguu hauna kitu."

"Toa tuuone usio na kitu."

Bi Masouda alitazama mlango, akatazama dirisha, akakosa wa kumwokoa. Akaufunua mguu wenyewe kwa mkono wa wino, na wino ukaingia kwenye kanga nyeupe, asijali. Kisigino kilikuwa kimefungwa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na kidonda cha ukubwa wa rupia ya zamani, pembezoni cheupe, katikati cheusi, na harufu yake ilikuwa imefukizwa udi isitambulikane.

"Siku ya hitma ya tatu," alisema Bi Masouda, "kaa liliruka kwenye chetezo cha udi. Nikalikanyaga. Wallahi sikusikia. Nilisikia harufu kwanza, nikauliza jikoni wanachoma nini."

"Huumwi?"

"Siumwi hata kidogo. Ndiyo nikasema si kitu."

"Fumba macho. Nikigusa, sema."

Bi Masouda akafumba. Kheiria alimgusa chini ya dole gumba, akamgusa katikati ya unyayo, akamgusa pembeni mwa kidonda, kila mara akingoja.

"Mbona huanzi?" alisema mamake.

Kheiria aliushika mguu kwa mikono miwili asijue la kufanya nao. Ugonjwa wa sukari ndio uliomjia akilini, na sukari yenyewe alikuwa anaijua, aliweza kuichora molekuli yake kwenye karatasi, mkono wake huu na mkono wake ule. Mshipa wa fahamu wa chura alikuwa anaujua tangu unapoanza mpaka unapokwisha. Lakini kisigino cha mamake kilikuwa hapo, na katika vitabu vyote alivyobeba hakukuwa na ukurasa mmoja wa kumwambia leo afanye nini. Alijua jambo moja tu, kwamba mguu uliopoteza uchungu ndio wa kuogopwa.

"Wiki sita, mama. Kwa nini hukwenda hospitali?"

"Niko edani."

"Eda haimzuii mgonjwa kutibiwa. Unalijua hilo kuliko mimi."

"Nnalijua." Bi Masouda alifumbua macho. "Lakini nilisema, niende nikafunuliwe mguu na mtu nisiyemjua, na mwanangu mwenyewe daktari yuko njiani? Nikakungoja. Ukafika, nikakuona una majonzi, nikasema nikuache upumue. Kisha nikawa nakusikia unawaambia watu Matrah, Matrah, nikajua bado hujapewa ruhusa. Ndiyo nikamwambia Suud alete wino. Tuitie kidole hiyo fomu, mambo yakamilike, kisha nikuoneshe."

Kheiria alikaa kitako juu ya mkeka. Wakati wote ule alidhani mamake anagombania jina.

"Mama, ukitia kidole hapa leo, kesho sitojua zaidi ya ninavyojua leo."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo. Ni karatasi ya kuomba nikafundishwe. Wakinikubali, ni miaka minne myengine kabla sijaruhusiwa kuugusa mguu huu. Wakinikataa, sitougusa kabisa."

Bi Masouda aliutazama mguu wake kama wa mtu mwengine aliyeusahau pale. Nje muuza maji alikuwa akimgombeza punda wake, na punda hakuwa na haraka.

"Kwa hivyo unataka ningoje miaka mitano."

"La. Wa kungoja ni mimi. Wewe huna hata siku moja ya kungoja. Kesho asubuhi tunakwenda Matrah."

"Watu watasema Daktari Kheiria kampeleka mamake kwa daktari mwengine."

"Waseme."

"Wataniuliza."

"Waambie mwanangu bado anasoma, kapata arubaini na tisa."

"Hiyo siwaambii," alisema Bi Masouda. "Nitawaambia hamsini."

Kheiria alicheka, na alipocheka machozi yakamtoka papo hapo, akayafuta kwa bega kwa sababu mikono ilikuwa imeshika mguu. Mamake alijifanya hajaona.

"Na hiyo karatasi?"

"Hii nitairejesha. Wanatoa nyengine kila mwaka."

"Na mwaka ukishapita ukanambia tena mwakani?"

"Basi njoo Beirut unipige."

"Nitakuja. Nitapanda hiyo ndege yenu ya kuinua miguu, na mguu wangu huu mmoja." Alihesabu kitu na nafsi yake, na kidole cha wino kilikuwa kimeshalala juu ya kanga bila ya yeye kujua. "Haya. Kesho, kabla jua halijakaza. Suud atatafuta gari. Lakini nna sharti."

"Sema."

"Huyo wa Matrah akinifungua mguu, wewe usikae nje na mikoba. Usimame karibu yangu, umtazame anavyofanya, mkono wake anauweka wapi, anasema neno gani, halafu ukirudi huko kwenye hiyo kemia yako..."

"Hodi, wenyewe," ilisikika sauti ya Bi Sayyida ngazini, na kabla hajaambiwa karibu keshasukuma pazia, kamshika mkono bibi mmoja mnene anayechechemea. "Daktari yumo? Afadhali. Nimekuletea Mahfoudha, goti lake hilo halikunjiki tangu Iddi, nimemwambia kwako ni dakika mbili."

Bi Masouda alivuta kanga. Kheiria hakuuachia mguu, na mama na mwana wakatazamana, kila mmoja akimngoja mwenziwe awe wa kwanza kusema kweli.