Baiskeli ya Ofisi na Ijumaa ya Saa Nane

Tangazo lilibandikwa siku ya Alhamisi kwenye mlango wa stoo ya pareto, ambapo kila mfanyakazi alipita akipiga chafya kwa vumbi la maua yale ya dawa ya wadudu. Mimi ndiye niliyelipiga taipu asubuhi hiyo, kwa hiyo nilikuwa wa kwanza kulijua, na tangu nilipochomoa karatasi kwenye mashine moyo wangu haukutulia.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, karani katika ofisi ya chama kimoja cha wakulima wa pareto mjini Kisii. Nilikaa kwa wazazi wangu, Suneka. Ofisi yetu ilikuwa na lori moja tu. Asubuhi lilituokota sisi tuliotoka upande wa Suneka, mchana likaenda Nyamira na Ikonge kuchukua magunia ya maua makavu, na jioni likaturudisha makwetu. Mwaka huo petroli ilikuwa imepanda bei vibaya sana, na meneja wetu mpya, mtu wa Mombasa, akaamua kwamba kuanzia mwisho wa mwezi lori halitabeba watu tena.

Badala yake ofisi ilikuwa imenunua baiskeli sita. Tangazo lilisema kwamba atakayekubali kuja kazini kwa baiskeli atapewa moja, pamoja na koti la mvua, na akiitunza kwa miaka miwili itakuwa mali yake. Mstari wa mwisho ndio ulionifanya nikosee herufi mara mbili nilipokuwa nikiupiga. Ulisema kwamba wenye baiskeli wataruhusiwa kutoka kazini saa nane mchana kila Ijumaa, ili wafike nyumbani kabla ya mvua ya jioni.

Meneja alikuwa anafikiria mvua, lakini mimi nilifikiria Sabato. Sisi ni Waadventista, na baba yangu alikuwa mzee wa kanisa. Ijumaa jua lilipozama, kwetu kazi zote zilikuwa zimekwisha, chakula kimeiva, na watu wote wameketi kuimba. Watu wote isipokuwa mimi. Lori lilichelewa kila Ijumaa kwa sababu ya tope la Ikonge, na nilipofika nyumbani walikuwa wameshaimba na kuomba. Baba hakuwahi kunigombeza. Alinisogezea kiti tu, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa.

Nikaandika jina langu kwenye karatasi ya kuomba, la tatu kutoka juu. Baada ya chakula cha mchana nikakuta limekatwa kwa wino mwekundu. Karani mkuu, mwanamume mpole ambaye hakupenda mambo mageni, alinieleza kwamba baiskeli zile ni za wanaume, na kwamba hajawahi kuona msichana wa kwetu akipanda kitu kama kile. Nikamwambia kwamba tangazo linasema wafanyakazi, nami nalijua kwa sababu nimelipiga. Akacheka, akarudi kwenye vitabu vyake.

Sijui ujasiri ule ulitoka wapi. Nilibisha mlango wa meneja, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Alinisikiliza, kisha akauliza jambo moja.

"Unajua kuendesha, binti?"

"Najua, Bwana Meneja," nikasema.

Sikujua. Sikuwa nimewahi hata kukalia kiti cha baiskeli.

"Basi njoo nayo Jumatatu, ya kuazima," akasema. "Ukiingia hapa umeipanda, jina lako nitalirudisha mwenyewe."

Nilitoka humo na hofu na furaha, sikuweza kuzitenganisha. Njiani ndani ya lori nikaanza kuhesabu siku. Ijumaa ilikuwa ya kazi, na kama kawaida nilifika nyumbani jua limeshazama. Jumamosi ilikuwa Sabato, na mambo ya namna hii hayakuzungumzwa kwetu siku hiyo. Ilinibakia Jumapili moja tu.

Sabato hiyo ilikuwa ndefu. Nilikaa kanisani na Biblia magotini, nikikanyaga pedali ambazo hazikuwepo chini ya benchi, mpaka mama akaniwekea mkono pajani nitulie. Jua lilipozama tu, nikawaambia wote wawili kila kitu, hata uongo niliomwambia meneja.

Baba alikataa. Hakupandisha sauti. Alisema watu wangemwuliza kanisani, naye hangekuwa na jibu. Alisema pia kwamba nimejifunga mwenyewe kwa uongo, na kwamba heshima ni kurudi Jumatatu kumwambia meneja ukweli. Niliinamisha kichwa kwa sababu hapo hakukosea. Ndipo mama, aliyekuwa akichambua mboga, akauliza taratibu Ijumaa hizo tungeachiliwa saa ngapi.

"Saa nane mchana," nikasema.

Mama alimtazama baba, kisha akarudia mboga zake. Mwishowe baba akasema kwamba Jumatatu nitamwambia meneja ukweli, lakini nitamwambia nikiwa nimeshuka kwenye baiskeli.

Shemeji yangu, mume wa dada yangu, alikuwa mwalimu na alikuwa na baiskeli nyeusi nzito, ile ya chuma kirefu kutoka kwenye kiti hadi kwenye usukani. Tulimwomba usiku huo, akaileta Jumapili alfajiri hadi uwanja wa mpira wa shule. Nilivaa kaptura ya kaka yangu chini ya sketi pana. Shemeji alinifundisha kwa nusu saa, lakini kila nilipoanguka alicheka mpaka akashindwa kunishika. Baba, aliyekuwa amesimama pembeni mikono nyuma, akavua koti lake, akalitundika kwenye goli, akaja kushika kiti mwenyewe.

Baba hakuwa kijana. Alikimbia nyuma yangu kwenda na kurudi uwanja mzima, akihema, akiniambia nitazame mbele, nisitazame gurudumu. Nilianguka kwenye majani, nikaanguka kwenye ua wa shule, nikachubuka kiwiko. Jua lilipokuwa karibu utosini nilimwuliza jambo, asijibu. Nikageuka kidogo. Alikuwa amesimama mbali kule golini, anavaa koti lake. Nilikuwa naendesha peke yangu! Nilipiga kelele ambayo nadhani ilisikika hadi sokoni, kisha nikaanguka tena.

Ikabaki taabu moja. Kwa sababu ya chuma kile, sikuweza kupanda baiskeli bila kusimama juu ya kitu. Barabara ya kwenda mjini ina milima, na kila mlima ningeshuka nikokote, na juu ningehitaji mahali pa kupandia. Kwa hiyo alasiri hiyo baba na mimi tulitembea karibu nusu ya njia ya mjini, tukitafuta mawe. Tulipata jiwe pana karibu na daraja, kisiki mbele ya duka, na ukingo wa mtaro penye migomba. Baba alilijaribu kila moja kwa mguu wake kabla ya kuniruhusu.

Jumatatu niliondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ukungu ulikuwa bado umelala mabondeni. Akina mama waliokuwa wakienda sokoni na ndizi vichwani walinisalimu kwa Kikisii, "Bwakire", kisha wakasimama wakageuka na mizigo yao yote kunitazama. Nilikokota milimani, nikapanda kwenye mawe yangu, na penye tambarare nilikanyaga kwa nguvu zote huku upepo ukinijaza mikono ya blauzi. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mtu aliyepungukiwa akili.

Niliingia uwanja wa ofisi kabla ya saa mbili. Wenzangu walikuwa wameketi kwenye ngazi, na meneja alikuwa amesimama barazani na kikombe cha chai. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba kushuka penye tambarare, pasipo jiwe wala mlima wa kuipunguza kasi, hatukujifunza. Nikazunguka uwanja mara ya kwanza, nikazunguka ya pili. Wenzangu walifikiri najionyesha, wakaanza kunipigia makofi. Mara ya tatu karani mkuu aligundua, akashuka ngazi mbio na kalamu sikioni, akakamata kiti kwa mikono miwili. Nikateremka na sketi imejaa vumbi.

Nikaenda moja kwa moja barazani. Nikamwambia meneja kwamba Alhamisi sikujua kuendesha, na kwamba nilijifunza jana. Alinitazama, akatazama kiwiko changu.

"Jana?" akasema.

"Jana, Bwana Meneja."

Akaweka kikombe chini, akaingia ndani, akarudi na karatasi ile. Jina langu aliliandika juu kabisa, na kuhusu uongo alisema tu kwamba asingependa kuusikia wa pili.

Baiskeli yangu ilikuwa ya kijani, na koti la mvua lilishonwa kwa ajili ya mwanamume mrefu hata likanifika visiginoni. Ijumaa ya kwanza saa nane kamili nilifunika mashine ya taipu na kutoka. Kurudi Suneka njia huteremka zaidi kuliko kupanda, na siku hiyo niliiachia baiskeli iende. Jua lilipokuwa bado juu ya migomba nilikuwa nimeshaoga na kumsaidia mama kupika. Jioni baba alipotoa kitabu cha nyimbo, aliniuliza mimi tuanze na wimbo upi. Sikuweza kuchagua. Mama akachagua.

Jumapili iliyofuata mama alijifunga leso vizuri, akaniomba nimpeleke kwa mdogo wake, ng'ambo ya mto. Alikaa kwenye keria upande upande, mkono mmoja kiunoni mwangu na mwingine umeshika kikapu cha mayai. Tulipofika aliwasimulia wote waliokuwepo jinsi tulivyoteremka, akionyesha kwa mikono namna nilivyokata kona, na yai hata moja halikuvunjika. Sikupata nafasi ya kumaliza chai. Mama mdogo alitaka kupelekwa hadi barabarani na kurudi, kisha jirani yake, kisha mama mkwe wa jirani. Niliwabeba wote.