Mtu Aliyegonga Ardhi Jumapili

Jumatatu nilipigiwa simu na mama mmoja wa hapa Nyeri anayepangisha vyumba. Mpangaji wake alikuwa amefariki, na alitaka kujua kama ninawajua watu wake. Sikuwajua. Miaka mingi nimesalimiana na mtu yule, na hata kwao ni wapi sikuwahi kumuuliza. Niliona aibu, wasomaji wangu, na upweke wake umenikaa moyoni wiki nzima.

Kazi yake ilikuwa kupima yaliyo chini ya mji. Sehemu ya mtaa wetu imejengwa juu ya machimbo ya mawe ya zamani, yaliyofukiwa kwa udongo na takataka, na hakuna anayekumbuka yaliishia wapi. Yeye aliweka bamba la chuma chini, akaligonga kwa nyundo kubwa, na vifaa vidogo vilivyochomekwa ardhini vikanasa mtetemo. Kwenye mwamba hufika upesi. Kwenye shimo lililofukiwa huchelewa. Alipokuja mara ya kwanza alikuwa na wenzake watatu, wakapiga vigingi vyekundu mbele ya maduka kuonyesha vifaa vitakaa wapi kesho yake. Sasa, huku kwetu kigingi chekundu kina maana moja tu: barabara inapanuliwa na tingatinga liko njiani. Hatukuuliza. Kabla ya giza kuingia, kila mwenye ploti alikuwa amekisogeza cha kwake kwa jirani. Mimi nilisogeza changu hatua tano, nikanawa mikono, nikaenda kunywa chai. Vipimo viliharibika, waliowatuma wakakata tamaa, na wale wenzake wakaondoka.

Yeye alirudi peke yake. Alichagua Jumapili, maana siku hiyo malori na kinu cha unga hunyamaza, na sisi wenye mikono isiyotulia tuko kanisani. Aligonga, akakimbia kutazama mashine, akarudi kugonga tena. Tulimsikia katikati ya mahubiri, tukacheka. Mchoro wa vipimo vyake ulionyesha shimo chini ya duka la mbegu, duka likahamishwa, na mvua ilipokuja sakafu ikadidimia bila mtu ndani. Baadaye alipima Karatina, akapima Wang'uru, na kote huko siku yake ilibaki Jumapili.

Alhamisi tulikutana chumbani kwake kupanga mazishi, watu sita, pamoja na dada yake aliyetoka Murang'a. Dada aliomba pasta aje.

"Pole sana," mzee wa kanisa akamwambia. "Lakini huyu hatukuwa tunamuona kanisa. Pasta hawezi zika mtu hajui."

Dada hakubishana. Aliuliza tu, "Na hizo Jumapili zote alikuwa anaendanga wapi?"

Nilitamani mwingine aseme, halafu nikasema mimi.

"Alikuwa anapima chini ya maduka yetu. Angefanya katikati ya wiki, lakini tulimharibia. Mimi nilisongesha ile pegi yake nyekundu."

"Mimi nilisongesha mbili," mzee akasema. "Wacha niongee na pasta."

Atazikwa kesho, kwa maombi. Tuna mazoea ya kusema fulani anajitenga, hapendi watu. Kabla hujalisema hilo tena, jiulize ni nani aliyewafukuza wenzake. Mimi jibu ninalo, na nimelitoa wakati ambapo yeye hawezi tena kulisikia.