Betri Niliyoianika Juu ya Bati

Msinicheke. Leo nimemwoza binti yangu bila kusikia neno, na nilikuwa nimeapa nitakataa!

Chombo changu cha kusikilizia, hiki ninachokivaa kifuani, betri yake imezeeka. Madukani hapa Kharumwa hakuna nyingine. Asubuhi nikaianika juu ya bati, ikapata nguvu kidogo.

Wageni wa posa wakaja.

Salamu nilizisikia. Habari za mvua nilizisikia. Walipofika kwenye jambo lenyewe, sauti zikafifia, zikakwaruza, kimya.

Nimechoka kuwaambia watu "rudia". Nikawa naitikia kwa kichwa tu.

Mara mke wangu anapiga vigelegele!

Nikamwita binti yangu Kabula nimwombe radhi. Akapaza sauti sikioni mwangu: "Usijali, baba. Mchumba wangu alikuletea betri mpya juzi. Niliificha."